Lami ya Getini Imebonyea: Umepigwa, au Bado Ni Changa?

Desemba ya Kilimanjaro inajulikana nchi nzima. Kuanzia tarehe 20 hivi magari yanapanda Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu na Rombo yakiwa yamejaa watoto, mabegi na zawadi kutoka Dar es Salaam, na kila ukoo unataka nyumbani pawe pamekaa vizuri kabla wageni hawajashuka. Mmoja anapaka rangi, mwingine anabadilisha bati. Na siku hizi wapo wanaoweka lami kutoka getini hadi barazani, maana tope la vuli kwenye mteremko wa mlima limeshawachosha.

Kwa baba yangu mkubwa, Kibosho, lami iliwekwa siku nane kabla ya Krismasi. Tarehe 27 ukafanyika ubatizo wa wajukuu wawili: maturubai, viti vya plastiki, genereta, bodaboda zinazoleta soda, magari kumi na kitu yakigeuzia mahali pamoja. Asubuhi iliyofuata mzee alishika fimbo yake akaanza kuikagua lami hatua kwa hatua, nami nikimfuata nyuma. Pikipiki moja ilipokuwa imesimama palikuwa na tundu. Akainama, akaingiza kidole cha shahada, kikazama hadi kiungo cha kwanza. Chini ya turubai kulikuwa na vidoa vya duara, vinne vinne, kama nyayo za kila kiti. Mbele ya banda la gari lami ilikuwa imevurugika kama ugali uliokatizwa na mwiko. Pale genereta ilipokaa, ukikanyaga ulihisi ulaini wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Na upande wa migomba, ufa mrefu ulikuwa umefuata ukingo karibu mita tatu.

Simu ikapigwa papo hapo. "Fundi, umenipiga. Hii si lami."

Upande wa pili nikasikia sauti ya unyenyekevu: "Shikamoo mzee. Hiyo lami bado ni changa, hizo alama zitajifunga zenyewe. Naomba subira."

Mzee hakuitikia hata shikamoo. Salio la fundi likazuiwa, na mtu aliyemfanyia kazi miaka mingi akawa mwizi ndani ya dakika mbili.

Mabishano ya namna hii nimeyasikia Njiro na Sakina kule Arusha, nimeyasikia Shanty Town na Soweto hapa Moshi. Mwenye nyumba anasema ametapeliwa, fundi anasema lami ni changa, majirani wanaongeza chumvi. Pale Kibosho wote wawili walikuwa na haki, ila si kwa alama zile zile. Tundu la pikipiki, vidoa vya viti na ule mvurugiko wa matairi vilitokana na uchanga. Ulaini wa kwenye genereta ulitokana na sherehe. Ufa wa upande wa migomba ulikuwa kosa la fundi. Asiyejua kuzitenganisha atamdhulumu fundi wake, au atadhulumiwa yeye.

Kwanza, neno lenyewe

Lami tunaitumia kwa vitu vitatu. Ni ile gundi nyeusi inayokuja kwenye mapipa. Ni mchanganyiko wa gundi hiyo na kokoto. Na ni barabara yenyewe ikishakamilika, kama mtu anavyosema "nimefika lami". Katika makala haya ile ya kwenye pipa nitaiita gundi, na nikisema lami nina maana ya mchanganyiko uliokwisha kulazwa chini.

Gundi hiyo jina lake ni bitumeni. Mafuta ghafi yakishachemshwa kiwandani, yakatolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli, masalia mazito yanayobaki chini kabisa ndiyo hayo. Kwa hiyo gundi ya lami na petroli ni ndugu wa tumbo moja, na udugu huo ndio utakaoleta balaa huko mbele. Zamani ilitumika gundi iliyotokana na makaa ya mawe. Edgar Purnell Hooley, mpimaji wa serikali ya Nottinghamshire huko Uingereza, alipata hataza ya kuichanganya na kokoto mwaka 1902, na ndiyo iliyozaa jina la tarmac. Leo barabara zetu za lami karibu zote ni za bitumeni, lakini kanuni ni ile ile ya mawe na kitu cha kuyashika.

Ukitaka kuielewa, fikiria kashata ya karanga. Unayeyusha sukari, unatia karanga, unakoroga mpaka kila karanga ivae sukari, unamwaga kwenye sinia, unakandamiza ingali moto, kisha unaiacha ipoe. Lami nzito ni kashata ya namna hiyo: kokoto ndizo karanga, bitumeni ndiyo sukari, rola ndiyo mkono unaokandamiza. Mtambo unachanganya kwa joto la nyuzi 150 hivi, tipa linaleta, na rola inatakiwa imalize kazi kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 80 au 90. Kashata iliyokandamizwa ikiwa imeshapoa hushikana ovyo na kumong'onyoka mkononi. Lami iliyochelewa njiani nayo huishia hivyo hivyo: inabaki na matundumatundu, maji yanaingia, na baada ya masika moja kokoto zinaanza kung'oka. Kwa hiyo ukiambiwa kuna lami iliyobaki kwenye mradi fulani na inauzwa kwa bei ya kutupa, swali lako la kwanza liwe: imetoka mtamboni saa ngapi?

Lami nyepesi ni kitu kingine. Hapo gundi ya moto hunyunyiziwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kisha kokoto zinatandazwa juu yake na kukandamizwa, mara nyingi kwa safu mbili. Hiyo ni kama mkate wa ufuta: ufuta uko juu, umeshikwa, na wa ziada hudondoka. Aliyewekewa lami nyepesi akaona kokoto zinaruka wiki za mwanzo asishtuke. Azifagie taratibu, magari yapite polepole, na zilizoshika zitabaki. Zikiendelea kung'oka baada ya miezi, gundi ikabaki uchi inang'aa, hapo ndipo pa kumwita fundi.

Changa kwa maana gani?

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuichukulia lami kama zege. Zege hukomaa kwa sababu saruji inakunywa maji na kugeuka kitu kingine kabisa. Ndiyo maana tunalimwagilia siku saba na zaidi, na likishakomaa halirudi kuwa laini. Lami haina habari na maji. Yenyewe inapoa tu, na kitu kilichokuwa kigumu kwa kupoa kitalainika tena kikipashwa moto. Nimeona watu wakiimwagilia lami mpya asubuhi na jioni kwa imani kwamba wanaiongezea nguvu. Nguvu haiongezeki hata kidogo. Maji yanaupoza uso kwa muda, na hilo lina faida moja tu: mchana wa jua kali, kama kuna gari ambalo lazima lipite, ndoo chache zilizomwagwa kabla zitasaidia kwa saa hiyo.

Na jua letu si la mchezo. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400, kwa hiyo Arusha huwa na ubaridi wa nyuzi tatu au nne zaidi. Lakini weusi wa lami hukusanya jua popote ulipo. Hewa ikiwa nyuzi 30, uso wa lami unaweza kupita nyuzi 50, na gundi ya kawaida huanza kulegea karibu na hapo. Ugumu wa kudumu unakuja polepole, hewa na jua vikiikausha gundi ya juu kwa miezi sita hadi mwaka. Ndiyo sababu lami ya miaka mitano haishiki alama ya kiti, na ya wiki moja inashika.

Mafundi hutaja gundi kwa namba, kwa mfano 60/70. Namba hiyo ni kipimo cha sindano. Maabara huchukua gundi ikiwa na joto la nyuzi 25, huweka juu yake sindano yenye uzito wa gramu 100, na kuiacha kwa sekunde 5. Ikizama milimita 6 hadi 7, gundi hiyo ni 60/70. Ya 80/100 huzamisha sindano milimita 8 hadi 10, maana yake ni laini zaidi. Kwa hiyo hata gundi nzuri kabisa, ile inayokubalika kwenye barabara kuu, huzamisha sindano kwa gramu 100. Kokoto ndizo zinazoisaidia kubeba mzigo, na zinaubeba vizuri ukiwa umetandazwa, si ukiwa umechongoka.

Stendi ya pikipiki ni sindano hiyo hiyo, kubwa tu. Kiti cha plastiki pia. Tuseme mtu wa kilo 80 amekaa: kila mguu wa kiti unabeba kilo 20, na kama unagusa chini kwa eneo la sentimita 4 za mraba, kila sentimita inabeba kilo 5. Gari lenye upepo wa paundi 32 (psi) kwenye tairi linakandamiza kilo 2 na robo tu kwa kila sentimita ya mraba, kwa kuwa tairi hujitandaza. Mjomba aliyekaa kula nyama choma saa nane mchana anaibonyeza lami zaidi ya mara mbili ya Noah iliyoegeshwa pembeni yake. Kisigino cha mchuchumio, chenye eneo kama la sentimita 1 ya mraba, kinazidi vyote.

Mtu akishaelewa hesabu hiyo, maelekezo yote ya wiki za mwanzo anaweza kuyatunga mwenyewe. Magari yasikanyage kwa siku tatu, na kipindi cha joto wiki nzima ni bora zaidi. Tipa na lori la maji visubiri zaidi ya hapo. Pikipiki isimamie kipande cha ubao. Jeki vivyo hivyo, na ngazi, na gurudumu dogo la trela. Viti vikae kwenye nyasi. Nguzo za turubai ziwekewe vibao chini. Gari lisilale mahali pamoja kila usiku. Na kama ratiba yako bado iko mikononi mwako, usiweke lami Desemba kwa ajili ya wageni wa Desemba. Iweke Septemba, mvua ya vuli haijaanza na wageni bado wako mbali.

Ile alama ya mvurugiko mbele ya banda inatokana na usukani. Gari likisimama kabisa halafu dereva akazungusha usukani, tairi linasugua mahali pamoja na kuzigeuza kokoto ndogo za juu. Dawa yake ni kuliacha gari lisogee kwanza, hata nusu mita, ndipo ukate kona. Alama iliyokwishatokea iache. Joto la mchana na matairi yanayopita vitaikanda upya, na baada ya miezi michache utaitafuta usiione. Vidoa vya viti navyo huisha hivyo. Tundu la stendi lenye kina cha kidole halitajifunga lote, na hapo fundi alimpa mzee matumaini makubwa mno. Linahitaji kupashwa moto, kuongezewa mchanganyiko laini na kugongwa. Lakini ni kazi ya nusu saa, wala si ushahidi wa wizi.

Visivyopona vyenyewe

Rudi kwenye kashata. Ukidondoshea chai ya moto, sukari inayeyuka na karanga zinaachia. Petroli na dizeli huifanyia lami jambo hilo hilo, kwa sababu ya ule undugu. Genereta ya ubatizo ilikuwa ikivuja dizeli tone kwa tone kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku, na hakuna aliyeweka hata boksi chini yake. Gundi ikayeyuka, kokoto zikabaki zimelala bila kitu cha kuzishika.

Mafuta yakimwagika, mwagia mchanga mkavu au maranda mara moja, yaache yanyonye, fagia, rudia, kisha osha kwa maji ya baridi na sabuni ya unga. Usisugue mafuta yakiwa bado mabichi, utayaingiza ndani. Na usichukue petroli kusafishia doa la oili, ingawa ndivyo tunavyosafisha mikono gereji. Ukiwahi ndani ya dakika chache lami inapona. Ukiikuta kesho yake imeshalegea, eneo hilo litakatwa.

Moto pia. Jiko la nyama choma likidondosha makaa, au sufuria la pilau likiinjikwa kwenye mafiga juu ya lami, gundi huungua na kuwa majivu mepesi yasiyoshika chochote. Mafiga yakae kwenye udongo, tena mbali.

Hapa kuna ushauri mmoja unaoniumiza kila ninapousikia: kwamba lami ikianza kupauka ipakwe oili chafu ili irudishe weusi. Oili chafu tunaipaka mbao kuzuia mchwa, na huko ina kazi yake. Juu ya lami inaila gundi ile ile unayotaka kuilinda. Kupauka si ugonjwa. Matairi yanaondoa utando wa gundi juu ya kokoto, rangi ya jiwe inaonekana, basi. Lami ya kijivu inaweza kuwa imara kuliko nyeusi ya jana. Na anayetaka kuipaka kinga maalumu ya lami asubiri angalau miezi sita, uso uwe umekauka vya kutosha.

Maji, na kilichoko chini

Hayo yote ni ya juu. Kinachoua lami ya nyumbani kiko chini, na mara nyingi ni maji.

Jina la tarmac limebeba ndani yake jina la mhandisi wa Uskoti, John Loudon McAdam. Yapata miaka 200 iliyopita McAdam alifundisha jambo lililowashangaza wenzake: kinachobeba gari si mawe unayoyamwaga, ni ardhi iliyo chini yake, na ardhi hiyo ikibaki kavu itabeba mzigo wowote. Kazi ya tabaka la juu ni kuwa paa. Ukishaiona lami kama paa, utajua kwa nini ufa mdogo ni jambo zito: ni bati lililotoboka, na anayelowa ni udongo wa chini.

Wachaga wameongoza maji kwa mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, karne nyingi, wakijua mteremko mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuyafikisha kwenye mgomba wa mwisho. Inasikitisha kuona mjukuu wao akitengeneza njia ya gari bila kujiuliza maji yatapita wapi. Mlimani mteremko upo wa kutosha, shida ni kasi. Maji ya masika yakishuka na njia yako ya mita 40 yanafika chini yana nguvu ya jembe, yanachimba pembeni, kisha yanaingia chini ya ukingo. Inatakiwa njia iwe na mgongo au iinamie upande mmoja, sentimita 2 na nusu kwa kila mita ya upana, na upande huo uwe na mtaro wa mawe au zege. Panapofaa, maji yapokelewe na mtaro wa kukatisha kabla hayajapata mbio. Kama mfongo unapita ukingoni, uhamishe au uujengee zege, kwa sababu unavuja kidogo kidogo mwaka mzima, hata kiangazi ambapo hakuna anayefikiria maji.

Getini kuna mtaro wa barabara, na huo ni wa umma. Wapo wanaoufukia ili gari lipite, halafu mvua ya kwanza inawarudishia maji yote ndani, au inayapeleka kwa jirani. Ongea na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa, upate maelekezo ya bomba linalotosha.

Halafu udongo. Udongo wa kihamba, shamba la Mchaga linalozunguka nyumba, ni mweusi, umejaa majani ya migomba na samadi ya vizazi. Ukichoma fimbo inazama bila kulazimishwa. Ni hazina kwa ndizi na kahawa, na ni godoro kwa lami. Lazima uondolewe wote mpaka ufike kwenye udongo mgumu, hata kama ni nusu mita, na ukiupeleka shambani hujapoteza kitu. Maeneo ya tambarare yenye udongo mweusi wa mbuga yana adha nyingine: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Lami iliyowekwa juu yake bila kuubadilisha itapanda na kushuka kila msimu mpaka ivunjike.

Baada ya hapo ndipo inaingia moramu nzuri, yaani udongo wa changarawe, au kokoto zilizosagwa, sentimita 15 kwa uchache baada ya kushindiliwa, na zaidi pale udongo usipoaminika. Kabla gundi haijamwagwa, omba tipa lenye mzigo lipite taratibu huku umechuchumaa pembeni. Angalia chini ya tairi. Ardhi ikizama na kurudi kama godoro, kazi isiendelee. Jaribio hilo linachukua dakika kumi, na kwa maoni yangu ni la maana kuliko maelezo yote ya kwenye mkataba.

Ndago usiidharau. Ncha yake ni kama sindano na inaweza kutoboa lami nyembamba kutoka chini, ikachomoza kijani katikati ya njia ya wiki tatu. Vitunguu vyake ving'olewe na kiuagugu kipigwe kabla ya kushindilia. Mijakaranda na miti mingine mikubwa ina mizizi inayoinua lami taratibu, kwa hiyo njia ipishe mti, au mti uondolewe mapema. Kukata mizizi baadaye kunauacha mti ukiwa hatari kwa nyumba.

Na ukingo. Kashata ikitolewa kwenye sinia, pembe ndizo zinazovunjika kwanza, kwa sababu sinia ndilo lililokuwa linazizuia. Lami isiyo na mawe ya pembeni haina sinia. Kule Kibosho fundi aliishia lami kwenye udongo mtupu wa migomba, bila jiwe wala zege, na gari la kwanza lililokanyaga ukingo likaupasua. Hilo halikuwa la uchanga. Hata lami ya miaka kumi ingepasuka.

Utajuaje basi ufa ni wa juu au wa chini? Ufa mmoja mwembamba ulionyooka mara nyingi ni wa maungio ya kazi ya jana na ya leo, au wa kusinyaa kwa baridi na kutanuka kwa joto. Ufa unaofuata ukingo ni wa kukosa tegemeo. Nyufa nyingi zinazokutana na kutengeneza vipande vidogo kama ngozi ya mamba, hasa pale matairi yanapopita na penye kubonyea, ni kilio cha ardhi ya chini, na hapo kumwaga lami nyingine juu ni kufunika kidonda kibichi. Fundi atakayekuambia "tuongeze unene tu" hajakusaidia. Tabaka jipya litachorwa nyufa zile zile baada ya masika.

Kutengeneza

Ufa mwembamba, chini ya nusu sentimita, usafishe kwa brashi, usubiri ukauke kabisa, mimina gundi ya majimaji na unyunyizie mchanga juu ili isinate kwenye viatu. Fanya hivyo kabla ya Machi.

Shimo lina utaratibu wake. Kata pande zake ziwe wima na umbo liwe la mraba, kuvuka kidogo mpaka wa uharibifu, kwa sababu kiraka cha kingo zilizolala hukosa pa kushika. Chimba hadi kwenye kitu kigumu. Toa vumbi lote. Paka chini na pembeni gundi iliyochanganywa na maji. Utaiona ya kahawia, na ikigeuka nyeusi ujue maji yametoka na sasa inashika. Jaza mchanganyiko kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe, na la mwisho likae juu kidogo ya lami ya jirani kwa kuwa magari yatalishusha. Wengi hujaza zege. Zege ni gumu na lami inanyumbulika, havitembei pamoja, na baada ya muda utakuwa na jiwe la zege lililozungukwa na shimo jipya.

Lami ikitoka jasho jeusi Januari au Februari, ukaona inanata, usiikwangue. Nyunyizia vumbi la kokoto au mchanga mkavu wa chenga, matairi yaukandamize, rudia inapohitajika. Gundi ilizidi kidogo, na mchanga unainywa.

Kuhusu malipo nina neno moja, kwa kuwa ndiko ugomvi unakoanzia. Unene mnaokubaliana uandikwe kuwa ni baada ya kushindiliwa. Lami ya sentimita 6 na nusu ikimwagwa huwa 5 hivi ikipita rola, na watu wawili waliosema "sentimita 6" wakiwa na picha mbili tofauti wataishia serikali ya mtaa. Mawe ya pembeni na mitaro viandikwe humo humo. Bakiza sehemu ya fedha mpaka masika ya kwanza ipite, kwa makubaliano ya mapema na kwa tarehe, ili fundi ajue salio lake limewekwa, halijazuiwa kwa hasira.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa Kibosho tena. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Mzee alinipeleka getini kunionyesha maji yakishuka mtaroni bila kugusa lami, kisha tukatafuta vile vidoa vya viti, hatukupata hata kimoja. Mbele ya banda palikuwa pamelala. Tundu la pikipiki lilikuwa limejazwa, ukipapasa ndipo unalihisi. Kwenye genereta kulikuwa na kiraka cha mraba, nyeusi kuliko kwingine, alichokilipia mzee mwenyewe. Upande wa migomba fundi alikuwa amekata ukingo wote uliopasuka, akapanga mawe ya zege na kuyajengea, kwa gharama yake, na alikuwa amechuchumaa akisafisha saruji iliyobaki kwenye maungio. Alipotuona akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi," mzee akajibu, na mkono ukaingia ndani ya koti kutafuta bahasha.